Siku Babu Alipozuiwa Njia ya Pwani

Brownsville, Texas

Mpendwa kaka Nereo,

Sisi hatujambo, ila nyumba imepooza. Mama anapika tamale, yale maandazi ya unga wa mahindi, za watu wanaokuja kumwombea marehemu Babu.

Najua kwa nini hukuja kumzika. Bado unajilaumu kwa siku ile tulipompeleka pwani. Kampuni yenu ilikuwa ikijaribu chombo cha kupeleka abiria angani, nawe ulilinda kizuizi barabarani. Babu alitaka kuchovya miguu baharini mara ya mwisho. Ukamwambia, "Njia imefungwa, Babu. Rudini kesho." Kesho yake hakuweza kuinuka tena.

Lakini hukusikia alichosema garini. Mama alipokuwa akifoka, yeye alicheka: "Mwache mtoto afanye kazi yake! Umeona kofia ilivyompendeza? Hata babu yake hapiti!" Aliwasimulia hivyo majirani wote waliokuja kumjulia hali.

Jumamosi tunamaliza rozari ya siku tisa. Kama desturi yetu, msalaba wa chokaa uliochorwa sakafuni kwa ajili ya Babu utazolewa, ukafukiwe kaburini kwake. Mjomba Eladio alijitolea kuuzoa. Mama akamkatalia: "Mwenye kazi hiyo ni Nereo. Tutamngoja."

Nimekupigia pasi shati lako jeupe.

Mdogo wako akupendaye,
Amparo