Pale Baba Alipokosea

Laare, Jumapili

Ndugu yangu Kobia, huko Kiambere,

Hatujambo. Mvua imenyesha, miraa imechipuka, goti la Mama limepoa.

Ile tovuti ya kujifunzia skeli za gitaa, zile ngazi za sauti, naitumia. Ukigusa alama kwenye picha ya gitaa, inawaka na kulia. Lakini tangu tumzike Baba, simu ikiwa mezani bila mtu, alama zinawaka zenyewe. Zinapiga wimbo wa sadaka aliokuwa akiupiga kwa gitaa kanisani, na kukosea palepale alipokosea Baba, pale ambapo kanisa letu zima limezoea kukosea pamoja naye.

Leo asubuhi wimbo ulifika pale, ukapita sawasawa. Mama akaacha kumenya ndizi.

“Sasa ameushika,” akasema.

Simu siwezi kuizima, Kobia. Nitamkatizaje?

Dadako,
Kagwiria