Majuma Manne ya Nyumba ya Kindu

Durban, Jumapili baada ya chakula

Mudogo wangu Zaituni,

Mimi yaya wako, dada yako mukubwa Mwamini, ninakusalimu, na kupitia kwako ninamusalimu mama aliyetuzaa. Ameamkaje? Goti lake linamuruhusu sasa kufika mpaka mulangoni, au bado anaomba mukono wa muntu? Na wewe, wanafunzi wako wa Kalima wamepungua au wanaendelea kubanana watano kwenye benchi moja? Huku sisi wote wazima. Mutoto wangu mukubwa amenipita urefu, na Kiswahili chetu anakiongea kwa kuvutavuta mpaka baba yake anacheka, lakini anakiongea. Baridi imeanza kidogo. Kazi iko.

Nimeandika kwenye karatasi kwa sababu nataka muisome pamoja, polepole, halafu uibandike ndani ya daftari la nyumba. Ataileta yule mama mufanyabiashara wa vitenge anayepanda mpaka Kindu.

Uliponitumia sauti kwenye simu kwamba ufunguo wa nyumba umeushika mukononi, nilikuwa kazini. Niliisikiliza mara tatu, nikaingia kwenye chumba cha mashuka, nikafunga mulango, nikalia kidogo peke yangu. Sisi wenye mafungu manne, wewe na mama huko Kalima kwa fungu moja, kaka yako Musafiri huko Kama, binamu Pascal huko Obokote, na mimi huku mbali, tuna vyumba viwili vya matofali na bati Kindu, na karatasi yenye majina yetu yote. Nani angefikiri?

Halafu sauti ya pili ikafika. Kwamba hata kabla muntu hajalala ndani, Musafiri na Pascal wamegombana juu ya juma la kwanza la mwezi. Pascal anataka kushuka na muchele wake siku ambazo waalimu na watu wa serikali wamepata mushahara. Musafiri naye, na zahabu yake ya machimboni, anataka siku zile zile, kwa kuwa njo siku wanunuzi wa zahabu wanakuwa mujini. Na kwamba Musafiri alisema heri nyumba iuzwe, kila muntu achukue fungu lake aende. Neno hilo limenishikisha kalamu. Uliniuliza, «Yaya, wewe njo unajua mambo ya majuma, tufanye namna gani?» Ninajua, kweli. Ila sikuwahi kuwaeleza nilivyojua.

Hapa ninapofanya kazi ni majengo marefu kando ya bahari ambayo hayana mwenyewe mumoja. Chumba kimoja kina wenyewe wengi, kila mumoja na juma lake katika mwaka. Muntu hanunui nyumba, ananunua juma. Likifika, anakuja na jamaa yake, wanakaa siku saba, wanarudisha ufunguo, anaingia mwingine. Kama ana shida siku hizo, au anataka kwenda kuona muji mwingine, anabadilishana na mwenzake. Nilipofika nilifikiri watu hawa wamerukwa na akili. Siku hizo nilikuwa wa kufua mashuka, na nilifua miaka sita.

Siku moja akaja muzee mumoja kutoka bara, alikuwa dereva wa gari la moshi kabla ya pensheni. Yeye na bibi yake wa ndoa walinunua juma, na bibi akafariki kabla hawajalitumia hata mara moja. Muzee akaja na wajukuu wawili. Hakujua kama juma lina tarehe yake, alifikiri anakuja siku anayotaka. Binti wa mapokezi akamwambia juma lake lilipita mwezi uliopita, limekufa, arudi mwaka ujao. Muzee akakaa kwenye kiti, karatasi yake mikononi, wajukuu wanaangalia bahari kupitia kioo.

Mimi nilikuwa ninapita na kigari cha mashuka. Nilijua kwamba chumba kimoja cha ghorofa ya tatu kiko kitupu, kwani wenyewe walipiga simu kwamba hawatakuja, wanatafuta juma la wakati wa baridi, binti yao atakapofunga shule. Na juma la muzee la mwaka ujao lilikuwa la wakati wa baridi. Nikaenda kwa mukubwa wa ofisi, nguo zangu bado na maji ya sabuni, nikamweleza: hawa wanahitaji kile ambacho huyu anacho, waulizeni. Akanitazama, akapiga simu. Baada ya nusu saa muzee alikuwa ghorofani na wajukuu wake.

Mukubwa akaniita, akaniuliza mambo hayo nimejifunza wapi.

«Kwa mama yangu,» nikamujibu, «Kindu.»

Alifikiri ninatania. Lakini alinitoa kwenye kufua, akaniweka kwenye meza ya kubadilisha majuma, na leo njo mimi ninayeongoza meza hiyo. Kila Jumamosi ninasimama mbele ya watu walionunua majuma mapya, watu wenye magari mazuri, ninawafundisha namna ya kuyatumia, na wao wanaandika ninachosema. Mimi mutoto wa Kama! Sitaficha, ninajivuna. Lakini jibu nililompa mukubwa halikuwa utani, na wewe, Zaituni, linakuhusu kuliko muntu yeyote. Mama hakutaka kukueleza, akisema mambo ya vita yasipewe watoto. Nimemuomba ruhusa kwa simu juma lililopita. Amesema, «Sasa mwambie.»

Wakati wa vita tulitoka Kama kwa miguu. Baba alikwisha kufa kwa homa huko porini, hilo unalijua. Musafiri nilimubeba mugongoni, na wewe ulikuwa tumboni mwa mama. Tulipofika Kindu muji ulikuwa umejaa wakimbizi. Mujane mumoja, mama wa kanisa, alitufungulia parsele yake, kiwanja chenye nyumba yake. Alikuwa na chumba kimoja tu cha kutoa, na tulikuwa jamaa nne. Watu wanne hawatoshi pale, sembuse jamaa nne. Wanaume wakaanza kusukumana mulangoni. Mama yako, mujamuzito, na miguu imevimba, njo aliyesema waache. Akapendekeza kila jamaa ikae ndani juma moja, na majuma matatu ikae nje kwenye barza, chini ya bashe, turubai la plastiki. Wakakubali, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na neno bora. Mujane akachora mistari ya makaa ukutani, mustari mumoja kwa kila siku, ili asiwepo wa kudanganya.

Mama alikuwa amehesabu kwamba utazaliwa ndani ya juma letu. Hukuja. Juma likaisha, tukatoka, akaingia Mama Feza. Huyu alikuwa mama wa upande wa Kibombo, na bwana wake alikuwa na muguu uliooza kwa kidonda, hata kusimama hawezi. Siku ya pili yao, mchana, mvua kubwa inapiga, uchungu ukamushika mama pale kwenye barza. Bashe lilikuwa linajaa maji na mimi ninalisukuma kwa fimbo yasituangukie. Mama hakuita muntu. Mama Feza akafungua mulango mwenyewe. Alikwisha kumutoa bwana wake nje, amemukalisha chini ya bashe karibu yangu, muguu umefunikwa na gunia.

«Ingia,» akamwambia mama. «Juma langu njo lako. Lako litakuwa langu.»

Ulizaliwa kabla ya mvua kukatika, juu ya mukeka wa Mama Feza. Sasa unajua kwa nini unaitwa Zaituni Feza.

Ningekoma hapo ingekuwa habari ya mwema mumoja tu. Lakini juma letu likarudi, na wewe ulikuwa muchanga bado, kifua kinalia. Jamaa nyingine zote zilimwambia mama aingie, hakuna atakayemulaumu. Hata Mama Feza hakudai, alikuwa anapepea tu kidonda cha bwana wake. Mimi nilimusihi. Nilimwambia, mama, mutoto anakohoa. Akanijibu kwa sauti ya chini, ili wenzetu wasisikie: «Mwamini, nilikula juma la muntu. Nisipolirudisha, nani hapa atamupa mwenzake tena?» Akakunja mukeka wetu, akauweka kwenye barza.

Mama Feza alipoona hivyo, akaja akakuchukua wewe mikononi mwa mama. Juma zima mama na sisi tulikaa nje, na wewe ulikaa ndani kifuani mwake. Mama alikuwa anaingia kukunyonyesha na kutoka. Bwana wa Mama Feza, katika siku saba za kulala pakavu, kidonda chake kilianza kufunga. Alipoweza kusimama, kazi ya kwanza aliyofanya ilikuwa kukata matete kando ya muto na kuzungushia barza yote ukuta wa matope. Tangu hapo hakuna aliyelowa. Tulikaa pale zaidi ya mwaka, jamaa nne, na mistari ya makaa haikugombaniwa hata siku moja. Vita ilipopoa, wao wakarudi Kibombo, sisi Kama. Mimi niliona yote haya na macho yangu, nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Kila ninachowafundisha watu wa bahari Jumamosi, nilikiona pale.

Basi nisikilizeni, wewe, Musafiri na Pascal, kama mutaweza kukaa kwenye benchi moja.

Majuma hayafanani, na msidanganyane kwamba yanafanana. Juma la mwanzo wa mwezi si sawa na la mwisho, na juma la kiangazi, njia ikiwa kavu, si sawa na la mvua ambapo pikipiki zinazama. Ukikopa zuri, rudisha zuri. Huku kazini kwangu ugomvi mwingi unatoka hapo. Muntu anachukua juma la likizo, anarudisha la baridi, anashangaa mwenzake kununa. Na Noeli haihami, lakini Idi inahama kila mwaka, inaingia leo katika juma la huyu, kesho la yule. Kwa hiyo, Pascal, siku Idi ikianguka kwenye juma lako utatupatia sisi, na Noeli ikianguka kwetu tutakupatia. Muandike hilo mapema, mwaka ukianza.

Unajua hutakuja? Sema mapema. Juma lisilosemwa linakufa bure, na mwenzako alikuwa analihitaji. Mukibadilishana, muandike katika daftari, wote wawili muweke sahihi, na Zaituni asome kwa sauti. Usimupe juma lako muntu tusiyemujua, hata akiwa rafiki wa kwenye machimbo, Musafiri, unanielewa. Ufunguo urudi kwa jirani kabla ya jua la saa sita, nyumba imefagiwa, bidoni zimejazwa maji, makaa ya kupikia usiku wa kwanza yameachwa. Anayeingia amechoka njia, asianze kwa kutafuta maji. Na zile siku mbili tatu zinazobaki kila mwezi baada ya majuma manne si za muntu. Ni za nyumba: bati linalovuja, mulango, choo. Nyumba isiyo na siku zake inazeeka haraka.

Na mugonjwa au mujamuzito hangoji zamu. Anaingia, na mwenye juma anapisha. Lakini akipona, arudishe. Mumeshasikia nani alirudisha.

Sasa juma la kwanza. Nimelifikiria sana, na nimepata dawa. Munipe mimi. Ndiyo, mimi niliye mbali njo niwe mwenye juma la kwanza, kwenye karatasi na kwenye daftari. Mwezi mumoja nitabadilishana na Pascal, mwezi unaofuata na Musafiri, hivyo hivyo mwaka mzima. Atakayelichukua ataniachia la kwake, na hilo nililoachiwa litamungojea mama, goti lake likitaka hospitali, au jamaa yeyote aliyepatwa na jambo. Hakuna atakayesema mwenzake amependelewa. Kama kuna anayeona dawa bora, aseme mbele ya mama.

Nisalimie shemeji yangu, bwana wako, na umwambie viatu vya mutoto wenu viko njiani pamoja na barua hii. Bibi ya Musafiri nimesikia ni muzito tena, apumzike, asibebe mizigo mizito. Bibi ya Pascal nimesikia kwamba anaongoza wamama wa kanisa lao Obokote, nimefurahi, aniombee. Jirani wetu anayetunza ufunguo mumupe shukrani yangu na kipande cha sabuni kila mwezi, asione tunamutumia bure. Na mama mumushike mikono yote miwili, mumwambie hivi: kila Jumamosi watu wa huku wanaandika maneno yake bila kumujua.

Kuna jambo moja nililoliweka mwisho kwa makusudi. Likizo yangu ilikuwa mwezi wa kumi na mbili, kama kila mwaka, na kila mwaka haikutosha safari. Juzi nimebadilishana na mwenzangu wa meza, nimemupa ya kwangu yenye sikukuu zote, amenipa ya kwake ya mwezi wa saba, wakati wa kiangazi huko kwenu, pamoja na siku zake alizolimbikiza. Tikiti nimeiweka ndani ya Kurani.

Kwa hiyo katika daftari, mwezi wa saba, juma la kwanza, Pascal asiandikwe, Musafiri asiandikwe. Andika Mwamini. Nitalala kwangu.

Yaya wako anayekupenda,
Mwamini