Bi Mwajuma na Rangi Nyekundu

Moroni, Ngazija

Kwako Baba Salma,

Assalaam alaykum. Naomba barua hii ikukute mzima wewe na Salma, na mguu wa mama mkwe uwe umepata nafuu. Mie sijambo, ila joto la huku halina adabu. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu usingeniacha nimalize.

Ile mikeka ya harusi niliipeleka mwenyewe kwa mama wa bibi harusi. Ikatandazwa ubavu kwa ubavu sebuleni. Yule mama akavua viatu, akapita juu yake taratibu, akarudi. Kiswahili anakijua vizuri.

"Hii yote imetoka sehemu moja?" akaniuliza.

"Ndiyo, kwetu Mtunda."

"Mbona nyekundu hii imeiva na ile bado?"

Nikatazama, nikaona kweli. Huko Kibiti mtu hununua mkeka mmoja, nani atalinganisha? Huku wanataka chumba kizima kifanane. Akachukua michache, mingine nikarudi nayo.

Ndipo nilipokupigia simu kwamba Bi Mwajuma achemshe rangi ya ukindu wote, maana kwa rangi hakuna anayemfikia, na kina mama wengine wasuke tu. Ukaniambia amekasirika, hakanyagi tena bandani mnakosukia mikeka. Usichokijua ni kwamba nilimpigia mwenyewe.

"Zuhura," akasema, "tangu nikiwa mwali nasuka mkeka wangu mwanzo mpaka mwisho. Leo mnanikabidhi sufuria kama mpishi wa shughuli?"

Nikamsimulia habari ya yule mama. Kisha akauliza, "Chumba chenyewe kikubwa? Dirisha liko upande gani? Jua linaingia?" Miaka yote hajawahi kuuliza mkeka wake unakwenda kulala wapi. Nikabaki namjibu huku najiuliza nini kimetuingia sote.

Mwisho akasema, "Nitarudi. Lakini rangi ikiwa yangu, iwe yangu. Mumeo asije kuniharakisha ukindu haujaiva. Na mkeka wangu mwenyewe nitausuka nyumbani, nipendavyo."

Nikakubali, Baba Salma, bila kukuuliza. Utakuwa umeshamwona bandani, ukadhani hasira zimeisha zenyewe. Zamani neno la mwisho lilikuwa lako, nami nilistarehe nalo. Sasa mie naamua nikiwa ng'ambo, Bi Mwajuma anaamua kwenye sufuria, na sijui wewe moyoni unajionaje. Nataka sana kujua. Usininunie. Hata kama ni hasira, niandikie hiyo hiyo hasira.

Nisalimie mama mkwe, dada yako muuguzi wa Utete, na mama yangu mzazi ukipita Bungu. Salma mwambie nguo yake ya Idi nimeshaipata. Na ukitaka ukindu utolewe mapema kwenye sufuria, kamwombe Bi Mwajuma kama wanavyomwomba wengine.

Ni mimi mkeo,
Zuhura