Kibandiko Kwenye Mtambo wa Barua Pepe

Shosti, leo nimeumbuka mbele ya bosi!

Ule mtambo wetu wa barua pepe unaosogeza muda wa kila barua mbele kwa masaa matatu, si unaujua? Miaka miwili nawalilia waliotuuzia. Leo marekebisho yamefika, nikayaweka.

Barua niliyotuma saa nne asubuhi ikaonyesha imetumwa saa moja!

Nikampigia fundi wao, nikaweka spika bosi asikie. Nikamchamba weee!

Akauliza kwa upole, "Dada, kuna mtu alirudisha saa ya mtambo nyuma kwa mkono?"

"Nani afanye ujinga huo?"

Nimesema UJINGA, shosti. Kwa mdomo wangu.

Bosi akainama, akasoma kibandiko kwenye mtambo: "Nimerudisha saa nyuma masaa matatu hadi marekebisho yafike, ni kwa muda tu. Msiguse."

Chini, sahihi yangu. Na nimechora kamoyo.