Fisi Wako Amevaa Hereni ya Bibi

Shekla Meda,
karibu na Gondar.
Tarehe 20, mwezi wa Tir.

Mpendwa Kaka Yirdaw,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Hujambo, na shemeji Mesenbet hajambo? Kile kifua chako kimepoa, au baridi ya Addis bado inakusumbua? Huku tu wazima wa mwili. Mtoto ni wa kiume, mweusi kama marehemu babu, na ananyonya vizuri mno mpaka mgongo wangu unajua. Sasa hivi amelala hapo hapo mgongoni, kwa hiyo ukiona mwandiko umepinda ujue ameshtuka. Mume wangu Alebel yuko shambani anapura tefu. Bibi yupo. Nitafika kwake.

Barua yako niliipata kwa mkono wa dereva wa lori la chumvi. Asante kwa sabuni. Umeniomba nikuulizie wazee mambo ya riwaya yako: buda, huyo mchawi wa jicho, anajigaragaza kwenye jivu gani kabla hajageuka fisi, anamwitaje mwenzake, na akishamla mtu kwa jicho anajisikiaje. Umesema mhusika wako bado hajapata uhai.

Kaka, uhai anao. Tulikutana naye kwenye mashine ya kusaga.

Ilikuwa wiki ya Krismasi yetu, bado sijajifungua, nimekalia gunia kwenye foleni. Mwalimu Sisay akaja na jarida lenye sura ya kwanza ya riwaya yako, akawasomea wanawake. Mwanzo nilijivuna, jina lako limechapwa. Kisha akafika pale mfinyanzi wako mzee anapochechemea kwenda kisimani, hereni ya fedha sikio la kushoto tu, la kulia limechanika. Halafu mwindaji anampiga fisi risasi, na asubuhi fisi anakutwa na hereni ile ile sikioni. Walikuwa wamezima mashine ili wasikie vizuri.

Mmoja akaniuliza, "Tiruwork, shoga, hiyo si hereni ya bibi yenu, Emama Zenebu?"

Mwenzake akamkatiza, "Mwache mwenzio. Mjukuu mwenyewe ndiye kasema, tena kaandika. Nani amjue mtu kuliko aliyelelewa naye?"

Najua utasema ni hadithi tu. Utasema pia kwamba tangu hatujazaliwa watu wanasema wafinyanzi kama Bibi ni buda, wahunzi ni buda. Ni kweli wanasema. Lakini walikuwa wananong'ona, na aliyenong'ona alinunua chungu chetu akapikia. Wewe umeyapa maneno yao mguu na sikio. Tangu siku hiyo Bibi akipita njiani, wanawake wanafunika sufuria.

Na kuna jingine, ambalo ndilo lililotumaliza. Ulipokuja kwa Sikukuu ya Msalaba ukazunguka na kinasa sauti nyumba hadi nyumba, Bibi alikupikia. Mimi ndiye niliyekumiminia maji ya kunawa. Akakunja tonge la kwanza, akakunyooshea mdomoni mbele ya wageni wote, kama alivyokulisha tangu huna meno. Ukageuza uso. Ukasema tumbo limevurugika. Jioni hiyo hiyo ulikula kwa Mwalimu Sisay mpaka ukalegeza mkanda, mkewe kanihadithia. Bibi alilila lile tonge mwenyewe, polepole. Wageni walitazama. Waliweka akiba.

Sasa akiba wameitoa. Arobaini ya mtoto inakaribia, siku ya kumbatiza. Bwana Kibret alikuwa amekubali kuwa baba yake wa ubatizo, tena alijitolea mwenyewe. Juzi alikuja akakataa kuketi.

"Binti yangu, na wewe sina neno," akasema. "Lakini tukitoka kanisani nitakula kwenu, na mkono wa kwanza kunilisha ni wa yule mama. Mjukuu wake msomi hakuthubutu. Mimi mkulima nina kifua gani?"

Nikamwambia kaka yangu aliumwa tumbo.

Akacheka. "Haya. Siku tumbo lake litakapopona, na mimi nitakula."

Nimewauliza wengine, kila mmoja ana safari siku hiyo. Na bila baba wa ubatizo, kasisi hamchovyi mtoto majini.

Mama mkwe wangu, Bafena, amemfunga mtoto hirizi. Akaniambia nisikasirike, jicho halichagui damu, na Bibi asimtazame mtoto akinyonya. Nikamjibu kwamba nyumba hii ni yangu pia, na Bibi ataingia muda wowote. Amenuna mpaka leo. Lakini Bibi alikuwa uani, alisikia. Siku hizi akija anajitanda shuka mpaka machoni, anaketi ameelekea ukuta, halafu anapeleka mkono nyuma anaushika mguu wa kitukuu chake. Hereni ameivua. Nikadhani hapo watanyamaza. Wanasema ameivua asitambulike.

Umetaka utafiti, andika basi. Jivu lake ni la mavi ya ng'ombe anayochomea vyungu, linamwingia machoni, ndiyo maana ni mekundu. Akiita, anaita "Yirdaw wangu," hata anapomwita Alebel, anachanganya. Anavyojisikia sijamuuliza. Muulize wewe, mwenye riwaya.

Huyo mzee mtoe kitabuni. Fisi wako mtafutie sikio jingine. Hilo sikuombi, nakwambia.

Na uje. Siku ya ubatizo utaketi karibu na Bibi, utafungua mdomo, na watu wakuone unatafuna na kumeza. Akikukunjia la pili, pokea. Usipokuja nitambeba mtoto mpaka monasteri ya ng'ambo ya mto, wasikotujua, abatizwe mikononi mwa wageni. Bibi hawezi kutembea mpaka huko. Atabaki hapa peke yake na vyungu vyake, siku ambayo ameisubiri kuliko sisi sote.

Msalimie Mesenbet, na Shangazi Etagegn ukimwona kanisani, mwambie shuka aliyotuma imetosha. Alebel anakusalimu, ingawa kwa shingo upande. Mungu na Mama Maria wakulinde na magari ya huko, wakufungulie njia ya kurudi.

Bibi hajui nilichoandika. Anadhani nakushukuru kwa sabuni. Ameniambia nikuulize kama huko unakula vizuri, maana mara ya mwisho alikuona umekonda na tumbo lilikusumbua.

Nimekuuliza. Njoo na njaa.

Mdogo wako, anayekupenda hata hivi,
Tiruwork