Kaniki Mbili Kila Idi

Newala, Aprili 1905

Mdogo wangu Mama Safari, salaam nyingi. Kibibi na mimi tu wazima wa mwili, ila moyo wangu hauko sawa. Mume wetu amepanda kunisalimu, na mdomoni hana jingine ila kaniki zako. Kwamba ufuta wako uliuweka kwa tajiri wa duka hapo Masasi, akakuandikia hati, naye kila Idi anakupa kaniki mbili, mvua inyeshe isinyeshe, na ufuta wenyewe atakurudishia baadaye. Mimi nakopesha majirani mbegu za mtama: kikapu kimoja, viwili wakivuna. Jua likiwaka, nasubiri. Wivu umenikaba, sikufichi. Nipe hati ya tajiri, nawe uchukue mtama wangu ulioko kwa watu.

Dada yako, Mama Kibibi

Masasi, Mei 1905

Dada, shikamoo. Safari hajambo, ameota meno. Tajiri ni mmoja. Akianguka, hati imeanguka naye. Wadeni wako ni wengi, akishindwa huyu atalipa yule. Na ikija njaa, kaniki zitabaki mbili zile zile, ila mtama utakuwa ghali. Fikiri tena.

Mdogo wako, Mama Safari

Newala, Mei 1905

Marahaba. Nimesoma nikacheka. Mume anakaa kwako miezi, kwangu siku chache, na kaniki nazo unaninyima? Lete hati.

Dada yako

Masasi, Juni 1905

Dada, shikamoo. Hati hii hapa, kwa jina lako. Mtama sasa ni wangu.

Mdogo wako

Masasi, Novemba 1905

Dada, shikamoo. Tuko hai. Vita vya maji vilipofika, duka liliteketea na tajiri akakimbilia pwani. Kisha askari wa Mdachi wakachoma maghala yetu. Safari anakula mizizi ya ming'oko ya porini, tumbo limevimba. Nilimtuma kaka yangu Husseni kwa wadeni. Wakamjibu, "Tulipokea mkononi mwa Mama Kibibi, tutamrudishia Mama Kibibi." Nakuomba.

Mdogo wako

Newala, Novemba 1905

Marahaba, na pole. Wadeni wawili wamekimbilia ng'ambo ya Ruvuma, waliobaki wamenilipa. Ghala limejaa, nami nina karatasi isiyovalika. Mtama ni wako, siudhulumu. Lakini sitampa Husseni. Aje mume wetu mwenyewe, na asiwe na haraka ya kurudi.

Dada yako

Masasi, Novemba 1905

Dada, shikamoo. Anayekupa barua hii ndiye yeye. Mtama wape wapagazi aliokuja nao, waondoke leo leo, mtoto anangoja. Yeye nakukopesha mpaka mavuno. Faida sitaki. Nirudishie huyo huyo mmoja.

Mdogo wako, Mama Safari