Taa za Tela la Shangazi

Jumatatu, 9 Juni

Umeme wenyewe ukiniona hunisalimia kwanza. Sijisifu, nasema ukweli. Wapo mafundi wenye vyeti ukutani ambao wakikwama wangepaswa kuja kwangu. Hawaji kwa sababu hawanijui tu. Shule niliiacha kabla yenyewe haijaniacha, na bado nafufua redio kwa kisu cha mezani!

Leo nimemaliza tela la shangazi, lile la kubebea viti na mahema ya kukodisha. Lilikuwa limeliwa na kutu kama mkate ulioonjwa na panya. Nikalifungua lote — taa, waya, nati — nikalipiga rangi ya buluu mara tatu. Nene! Unaweza kujitazama humo ukachana nywele. Nikafunga kila kitu, nikalichomeka kwenye pikapu, taa zote zikawaka. Shangazi akasema hongera, baba. Akiniita baba ujue moyo wake mweupe, maana nina jina la marehemu babu, baba yake. Akiniita mwana wa kaka yangu — kimbia.

Dereva wake mimi namwita Taratibu. Mtu huyu hata akitaka kupiga chafya anawasha indiketa kwanza. Akalizunguka tela, akauliza kama nimelijaribu likitembea. Nikamwambia mjomba, wewe shika usukani, waya niachie mimi. Akacheka. Binamu yangu akacheka zaidi, lakini yule hata jani likidondoka anacheka.

Jumanne, 10 Juni

Aibu. Aibu tupu.

Tumepeleka viti jioni, mimi nimekaa mbele na Taratibu kama mkuu wa msafara. Njia panda, trafiki akatupungia mkono tusimame. Anasema gari la nyuma yetu limebakiza kidogo tu liingie kwenye viti. Akamwambia Taratibu akanyage breki. Taa za breki kimya! Indiketa ndizo zikapepesa, hafifu, kama macho ya mtu mwenye usingizi. Trafiki akauliza kalitengeneza nani hili, kipofu?

Nikageukia dirishani. Nje hakukuwa na kitu, lakini nilitazama kwa bidii sana.

Taratibu akajibu ni vijana wetu, afande, wanajifunza, tutalirekebisha. Hakunitazama. Hakunyoosha kidole. Trafiki akasema leo nimewasamehe, nikilikuta tena hivi linalala kituoni.

Nyumbani: "Mwana wa kaka yangu." Ndivyo ilivyoanza. Jumamosi ana sherehe kubwa, watu watakaa chini? Waketi juu ya rangi yako ya buluu?

Sikula vizuri.

Jumatano, 11 Juni

Nimebadilisha balbu zote. Bado. Nimebadilisha fyuzi. Bado. Nimekata plagi, nikaifunga upya waya kwa waya. Bado!

Binamu nilimweka ndani ya pikapu akanyage breki.

"Kanyaga!"

"Nimekanyaga!"

"Hiyo klachi!"

"Si ungesema! Mimi nitajuaje, mimi ndiye fundi wa dunia?"

Nikiwasha indiketa ya kushoto, ya kulia nayo inaitika kidogo, kama mtu aliyesikia jina la mwenzake. Tela likisimama tupu hapa uani, taa zinawaka. Nikilisukuma kidogo, zinazima. Linanifanyia makusudi. Nimewaambia watu balbu za siku hizi hazina adabu. Binamu akasema balbu, au fundi?

Mchana shangazi amenisimamia, mikono kiunoni. Anauliza kama kuna mtu kaligonga tela lake. Maana mwaka jana Taratibu alirudi nyuma akala geti, na shangazi alimwambia siku ile: ukinigongea kitu tena, weka funguo mezani uende. Nikasema sijui, shangazi. Na kweli nilikuwa sijui.

Taratibu ana watoto, wa mwisho bado ananyonya.

Alhamisi, 12 Juni

Nimelipata! Mimi ni mimi!

Nimelala chini ya tela na testa, kile kitaa cha kupimia umeme. Umeme unakwenda kwenye taa kwa waya, lakini kurudi unapita kwenye chuma cha tela, mpaka kwenye waya mmoja uliofungwa kwa bolti. Mafundi huuita ethi. Nikagusa ile bolti — testa giza. Nikakwaruza chuma pembeni kwa msumari — testa ikawaka.

Rangi. Buluu yangu. Nimepaka mpaka chini ya bolti, halafu nikafunga waya juu yake. Umeme ukakosa pa kurudia, ukawa unapita kwa majirani, ndiyo maana indiketa zilikuwa zinaitika zisipoitwa. Likisimama tupu hapa uani, chuma cha tela kinagusana vizuri na cha pikapu, umeme unaiba njia hapo. Likibeba mzigo au likitikisika tu, basi.

Kipande cha msasa. Nikakwangua, nikakaza. Zikawaka nyekundu kama pilipili! Nikalisukuma, nikalitikisa, nikalipanda, nikaruka juu yake. Zinawaka.

Shangazi akaja akauliza ilikuwa nini. Msasa nikautia mfukoni. Nikamjibu. Akaenda zake.

Basi. Taa zinawaka, hilo ndilo la maana.

Ijumaa, 13 Juni

Jana jioni shangazi alichukua funguo kwa Taratibu. Binamu ndiye kaniambia, na hakucheka.

Asubuhi hii Taratibu amekuja kuchukua vitu vyake: sweta, kikombe, ule mto wake wa kukalia uliochakaa. Shangazi hayupo, yuko sokoni. Taratibu akasema atamngoja, haondoki bila kuaga kama mwizi. Halafu akaniita.

"Bwana fundi, njoo tujaribu taa. Atakayelivuta kesho asipate taabu."

Akaingia kwenye pikapu. Mimi nyuma.

"Kushoto?"

"Inawaka."

"Kulia?"

"Inawaka."

"Breki?"

Nikainama kuitazama ile bolti. Akauliza tena, breki? Nikasema inawaka, mjomba.

Akashuka, akanipa mkono. Kasema nimeanza kushika kazi. Kauliza kilichokuwa kinasumbua ni nini. Nikasema waya tu. Akasema safi. Safi! Hata kejeli hamna. Bora angenizaba kofi.

Nikaingia huku stoo, nimekaa kwenye rundo la viti. Naandika kwenye goti.

Geti limelia. Shangazi karudi. Nawasikia.

Taratibu anasema, "Mama, kuniondoa ni haki yako. Ila nionyeshe nilipogonga. Nami nijue."

Shangazi anasema, "Wewe mwenyewe hujui?"

"Sijui, mama. Haki ya Mungu sijui."

Wanalizunguka tela. Nasikia viatu vyao kwenye kokoto. Wanasimama. Wanaendelea. Shangazi anasema mbona rangi haina hata mkwaruzo. Sasa anaita: "Baba! Njoo umwonyeshe!"

Ameniita baba.

Binamu anagonga mlango, fundi unaitwa, umelala?

Hakuna pa kuonyesha. Hakugonga popote. Jana shangazi aliponiuliza ilikuwa nini, nilisema: alirudi nyuma, akaligonga ukutani, waya wa chini ukang'oka, mimi nimeurudisha. Nilisema hivyo. Nikamwambia nimemwona kwa macho yangu. Hata sauti haikutetemeka.

Anaita tena.